Acheni Kunisukumia GIMP: Mimi Nimechagua Inkscape

Kila nikitaja programu huria mbele ya watu, swali linalofuata huwa lile lile: "Na ya kutengeneza picha ni gani?" Kabla sijafungua mdomo, kuna ndugu mmoja pembeni atakayenijibia: "GIMP!" Halafu anaketi ameridhika, kana kwamba mjadala umekwisha.

Haujaisha. Leo nataka kulitoa dukuduku hili, na najua kuna marafiki nitakaowaudhi. Msimamo wangu ni huu: programu bora ya michoro katika ulimwengu wa programu huria, kwa mtu anayeishi na kutafuta riziki hapa kwetu Kenya, ni Inkscape. Hilo neno "hapa kwetu" nimeliweka kwa makusudi, na nitalieleza.

Najua kuna atakayenirushia methali: mchagua jembe si mkulima. Sawa. Lakini methali ile inamkemea mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Haimwambii mtu akapalilie mahindi kwa shoka.

Kwanza tuuondoe wizi mezani

Nianze na kundi kubwa ambalo halitumii GIMP wala Inkscape: wale wenye Photoshop na CorelDRAW za wizi. Mnajijua :-) Kijana anataka kujifunza ubunifu wa michoro, anapewa flashi na rafiki, anaambiwa azime kinga ya virusi kwanza ndipo aweke programu, na baada ya dakika ishirini anajiita mbunifu. Je, umewahi kujiuliza kwa nini unaambiwa uzime kinga ya virusi?

Wengine wanadhani hoja yangu hapa ni ya sheria tu. Sheria ipo: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za tarakilishi kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Lakini mimi ni mtengenezaji programu, na kinachonikera zaidi ni kitu kingine. Unatumia miaka mitatu kujifunza kazi kwa chombo ambacho huwezi kukitaja kwenye risiti. Siku utakapofungua duka lako, ukasajili biashara, ukapata zabuni ya shule au ya kaunti, utakuwa na njia mbili: uendelee kuiba ukiwa na jina la biashara ukutani, au uanze kulipa kwa dola ilhali wateja wako wanakulipa kwa shilingi. Mwenye programu ile hajapoteza chochote kwa wewe kumwibia ukiwa mwanafunzi. Umemfanyia kazi ya kujizoeza kuwa mteja wake.

Bure si huru

Kundi la pili ni wale wanaosema, "Mimi siibi, natumia za bure." Hapa ndipo tunapochanganya mambo, na lugha yetu imetupa maneno mawili tofauti ili tusichanganye. Bure ni kutolipa. Huru ni kutofungwa. Programu inaweza kuwa bure na bado ikakushika shingo.

Mnamo 2024 Canva iliinunua Affinity, familia ya programu ambazo watu wengi walizipenda kwa sababu ulilipa mara moja ukamaliza. Mwaka 2025 Canva ikaitoa Affinity mpya bila malipo. Watu wakashangilia, na siwalaumu. Ni programu nzuri. Lakini je, unaweza kuusoma msimbo wake? Unaweza kuurekebisha? Wenyewe wakibadili nia mwaka ujao, kuna mtu anayeweza kuuchukua msimbo na kuendelea nao? Hapana. Umepewa chumba cha kulala na mwenye nyumba mkarimu. Shukuru, lakini usijenge ghala humo.

Na historia ya wenye nyumba si nzuri. Tazameni mifano michache:

- FreeHand ilikuwa programu ya vekta iliyopendwa sana na wachoraji. Adobe ilipoinunua kampuni ya Macromedia mwaka 2005 ikaipata na FreeHand, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Watu waliokuwa na kazi za miaka kumi na zaidi ndani ya faili zile wakaachwa njiani.

- Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kubwa yatapatikana kwa usajili wa kulipia. CS6 ya mwaka 2012 ikawa ya mwisho ya kununua na kumiliki. Ukiacha kulipa, chombo kinafungwa, na kazi ni yako kwa jina tu.

- Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia wateja wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa kwa sababu ya vikwazo vya serikali ya Marekani. Baadaye mwezi huo huo ikapata ruhusa ya kuendelea kuwahudumia. Hebu fikiria zile wiki ukiwa mbunifu kule Caracas, huna kosa lolote, unasubiri watu wa Washington waamue kama utafungua faili zako.

- Mwishoni mwa 2022 rangi nyingi za Pantone ziliondolewa ndani ya Photoshop. Waliofungua kazi zao za zamani wakakuta weusi mahali palipokuwa na rangi, na wakaelekezwa kulipia leseni nyingine.

Waswahili walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa hiyo ninaposema programu huria, sizungumzii bei. Nazungumzia leseni inayokupa haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa, haki ambayo hakuna mkurugenzi atakayeamka asubuhi na kukunyang'anya.

Na kabla hamjaniambia kwamba programu huria ni za wanafunzi: Blender ilikuwa mali ya kampuni iliyofunga milango mwaka 2002. Watumiaji wakachanga yuro 100,000 katika wiki saba, wakaukomboa msimbo, na Oktoba mwaka huo ukatolewa chini ya leseni ya GPL. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025. Haya, nani mwanafunzi hapo?

Wagombea ni hawa

Kwa wale ambao ni wageni katika mambo haya, niwapitishe haraka:

GIMP ni ya kuhariri picha za kamera. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis.

Krita ni ya kuchora na kupaka rangi kama msanii, hasa ukiwa na kalamu ya kidijitali. Jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki au krayoni.

Blender ni ya maumbo ya pande tatu na katuni.

Scribus ni ya kupanga kurasa: magazeti, vitabu, vipeperushi.

Inkscape ni ya michoro ya vekta: nembo, mabango, stika, ramani, vielelezo. Ilizaliwa mwaka 2003 wakati watengenezaji wanne wa programu iliyoitwa Sodipodi walipoona mambo hayaendi walivyotaka, wakauchukua msimbo na kuanza safari yao. Sodipodi yenyewe ilitokana na programu ya zamani zaidi iliyoitwa Gill. Huo ndio uhuru ninaouzungumzia: programu mbili zimekufa, kazi yao haikufa. Ukifungua faili ya Inkscape leo kwa kihariri cha maandishi utaliona neno "sodipodi" humo ndani, kama jina la babu alilopewa mjukuu.

Kwa nini si GIMP

Msinielewe vibaya. GIMP ninaiheshimu. Vifaa vya kutengenezea madirisha na vitufe vinavyoitwa GTK vilibuniwa kwa ajili ya GIMP, na baadaye vikawa msingi wa GNOME na wa programu nyingi za Linux. Hata Inkscape yenyewe inasimama juu ya GTK. Kwa hiyo ninapoipinga GIMP ninafanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti chake :-)

Na siingii katika yale malalamiko ya kawaida kwamba ni ngumu, kwamba madirisha yake yalikuwa yametawanyika kama kuku wa jirani. Dirisha moja lilikuja na toleo la 2.8 mwaka 2012. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 baada ya kusubiriwa karibu miaka saba tangu 2.10, na sasa unaweza kuweka madoido juu ya tabaka na kuyabadilisha baadaye bila kuharibu picha ya chini. Hongera kwao.

Tatizo langu na GIMP si ubora wake. Tatizo ni kwamba tunaipendekeza kwa kazi isiyo yake. Tunaipendekeza kwa sababu watu wanauliza, "Photoshop ya bure ni ipi?", nasi tunajibu swali hilo badala ya kuuliza: "Unataka kutengeneza nini?" Mtu anayetaka kutengeneza nembo ya chama chake anapewa chombo cha kufuta chunusi kwenye picha. Anahangaika wiki mbili, anaandika maandishi yanayotoka na kingo za msumeno, halafu anarudi kwenye ile flashi ya rafiki yake na kutangaza kwamba programu huria hazifai. Na sisi tuliompoteza njia tunamwita mvivu.

Kazi ya hapa kwetu ni kazi ya vekta

Hebu tuhesabu kazi za michoro ambazo Mkenya wa kawaida huombwa azifanye. Nembo ya kikundi cha akina mama. Bango la duka. Kadi ya harusi. Kijitabu cha mazishi. Vyeti vya shule. Fulana za mashindano. Stika za matatu. Mabango ya mgombea udiwani. Karatasi ya bei ukutani mwa kinyozi. Ni ngapi kati ya hizi ambazo kiini chake ni picha ya kamera? Kijitabu cha mazishi kina picha, bango la mgombea lina sura yake. Zilizobaki zote ni maandishi, maumbo na rangi. Yaani vekta.

Kwa wasiojua tofauti: picha ya pikseli ni kama sakafu ya vigae vidogo, kila kigae na rangi yake. Picha ya vekta ni maelezo: "chora duara hapa, lenye upana huu, rangi hii." Ukikuza sakafu ya vigae, vigae vinakuwa vikubwa. Ukikuza maelezo, tarakilishi inachora upya, na mstari unabaki laini.

Sasa chukua chama ambacho nembo yake inapatikana mahali pamoja tu: picha ya WhatsApp yenye upana wa pikseli 800. Wanataka bango la mita tatu. Piga hesabu: milimita 3,000 gawanya kwa 800 unapata milimita 3.75. Kila pikseli kwenye bango lile itakuwa na upana unaokaribia punje ya mtama. Nimeyaona mabango hayo, nawe umeyaona, yakining'inia mbele ya watu wazima walioyalipia, nembo yao ikiwa imekuwa gunia. Aliyeitengeneza nembo ile kwa pikseli aliwauzia kitu kilichokwisha kufa, na chama kitalipa tena kwa fundi mwingine aichore upya.

Kwa Inkscape, nembo ile ile inafaa kwenye muhuri wa sentimita tatu na kwenye ukuta wa mita kumi, kwa faili moja. Na kama faili ya mwanzo imepotea, kuna kifaa ndani yake cha kufuatisha picha ya pikseli na kuigeuza vekta. Kinatumia msimbo wa Potrace, ulioandikwa na Peter Selinger, nao pia ni huria. Hakifanyi miujiza, ila kwa nembo yenye rangi mbili tatu kitakuokolea saa nzima.

Fundi wa stika je? Mashine ya kukata plastiki ya stika haielewi pikseli. Inataka mstari wa kufuata kwa kisu. Mashine ya leza ya kukata mbao, hali kadhalika. Ukimpelekea picha ya GIMP, jambo la kwanza atakalofanya ni kuigeuza vekta, na atakutoza kwa hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kanga. Kanga ina pindo kuzunguka kingo, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, chini ya mji. Pindo ni umbo moja linalorudiwa mara nyingi. Katika Inkscape unachora korosho moja, kisha unaagiza nakala pacha mia mbili zilizopangwa kwa safu. Nakala hizo zinabaki zimefungwa kwa mama yao. Ukiamua korosho iwe nene zaidi, unabadili ile moja tu, na zote mia mbili zinabadilika papo hapo. Ukiamua kubadili rangi, hivyo hivyo. Jina linabaki kuwa maandishi halisi unayoweza kuyasahihisha, si rangi iliyokaukia kwenye karatasi. Jaribu kuifanya kazi hiyo kwa GIMP, kisha uje tuzungumze.

SVG ni maandishi, jamani!

Hapa ndipo mimi kama mtengenezaji programu ninaposhindwa kujizuia. Faili ya asili ya Inkscape ni SVG. SVG si siri ya Inkscape. Ni kiwango cha W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, na toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 2001. Vivinjari vyote vikubwa vinaisoma. Bendera ya Kenya unayoiona kwenye Wikipedia ni faili ya SVG. Ipakue, ifungue kwa Inkscape, bonyeza ngao, uivunje vipande uone ilivyoundwa. Hakuna shule bora kuliko hiyo, na haina karo.

Halafu ifungue faili hiyo hiyo kwa kihariri cha maandishi. Utaona maneno! Umbo ni mstari wa maandishi, rangi ni mstari wa maandishi. Maana yake ni kwamba Inkscape ikifa kesho asubuhi, kazi yako itasomeka. Waulize waliokuwa na faili za FreeHand kama walikuwa na bahati hiyo.

Maana nyingine ni kwamba unaweza kuiambia tarakilishi ikufanyie kazi ya kijinga. Chukua shule yenye wanafunzi 300 wanaohitaji vyeti. Kwa njia ya kawaida kuna binadamu atakayekaa na kuandika jina, kuhifadhi, kuandika jina, kuhifadhi, mpaka macho yamtoke. Mimi nachora cheti kimoja, mahali pa jina naandika JINA_HAPA, naweka majina kwenye faili ya maandishi, jina moja kila mstari, kisha kwenye Linux naandika hivi:

while read -r jina; do
  sed "s/JINA_HAPA/$jina/" cheti.svg > muda.svg
  inkscape muda.svg --export-type=pdf --export-filename="$jina.pdf" < /dev/null
done < majina.txt

Mistari minne. Naenda kunywa chai, nikirudi nakuta PDF 300, kila moja na jina lake, na Ng'ang'a ana vipashio vyake vyote. Ukitaka kuhifadhi historia ya mchoro kwenye Git, inakubali, kwa sababu ni maandishi. Ukitaka programu yako ichore grafu yenyewe, andika SVG moja kwa moja na uimalizie kwa Inkscape. Hakuna programu nyingine ya michoro inayonipa mimi, mtu wa msimbo, mlango mpana hivi wa kuingilia.

Haya, semeni yenu

Nisingependa kushinda mjadala kwa kuwanyima wapinzani nafasi. Hoja zao ninazisikia, na zingine zina uzito.

*"Wachapishaji wanataka CMYK."* Kweli. Mashine za uchapishaji zinatumia rangi nne: samawati, zambarau-pinki, manjano na nyeusi, na udhaifu mkubwa wa Inkscape kwa miaka yote umekuwa hapo. Toleo la 1.4 lililotoka Oktoba 2024 bado linatoa PDF za RGB, yaani rangi za kioo. Dawa yake ipo: ingiza SVG yako kwenye Scribus, weka rangi za CMYK huko, toa PDF. Ni hatua ya ziada, na siwezi kuipamba. Lakini jiulize pia: GIMP ingekusaidia vipi hapo? Nayo tangu mwanzo ni programu ya RGB. Anayenipinga kwa CMYK anapaswa kuniletea Krita au Scribus, si GIMP. Na kwa mabango makubwa na fulana, wenye mashine wengi huzigeuza rangi wenyewe kwenye programu ya mashine yao. Uliza kwanza kabla ya kuhangaika.

*"Duka la uchapishaji litakataa faili yako."* Mimi mwenyewe nimewahi kuambiwa kaunta, na duka nisilolitaja, kwamba SVG "si faili ya kazi", nilete ya Corel. Sikubishana. Nilitoa PDF kutoka faili ile ile, maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa maumbo ili fonti zisipotee, na bango likachapishwa. PDF inapokelewa kila mahali. Na wakikupa faili ya CDR, Inkscape inaweza kufungua nyingi kati ya hizo, ingawa usitarajie kila kitu kikae mahali pake.

*"Ni nzito."* Ukijaza mchoro ukungu na vivuli vingi vya madoido, ndiyo, itachechemea, hasa kwenye kipakatalishi cha mtumba. Zima maonyesho ya madoido unapofanya kazi, uyawashe mwishoni. Na watumiaji wa Mac waliteseka kwa miaka mingi na toleo lililohitaji programu ya ziada ya X11, mpaka toleo la 1.0 lilipotoka Mei 2020. Hilo limekwisha.

*"Waajiri wanataka Photoshop na Illustrator."* Hii ndiyo hoja ninayoichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu inahusu ugali. Matangazo mengi ya kazi yanazitaja, nami sitamwambia kijana asiombe kazi. Lakini kuna vitu viwili hapa. Kupanga maumbo, kuchagua fonti, kuacha nafasi nyeupe, kujua mistari ya Bézier inavyopinda: hayo hayana kampuni. Aliyeyajua kwa Inkscape atahitaji siku chache kuzoea vitufe vya Illustrator ambayo mwajiri ameilipia. Pili, vijana wengi wanaojifunza kazi hii hawataajiriwa na wakala wa matangazo kule Westlands. Watajiajiri, Kakamega, Voi, Garissa, wakiwa na kipakatalishi kimoja na bando la wiki. Hao ndio ninaowaandikia. Kwao, chombo cha halali kisicho na ada ya kila mwezi ndiyo tofauti kati ya biashara inayofika mwaka wa pili na ile iliyofungwa.

*"Basi tumia zote, kila moja kwa kazi yake."* Hii ndiyo hoja ya wapatanishi, nayo ni kweli kabisa. Nami ninazo zote. Picha ya kamera nikitaka kuisafisha, naenda GIMP bila aibu. Lakini anayeanza hawezi kuanza na tano. Ukimwambia "zote" umemwambia hakuna. Anahitaji jina moja la kubandika kwenye paji la uso, na jina tutakalomtajia leo litaamua kama atabaki nasi au atarudi kwenye flashi.

Kwa hiyo nafanyaje?

Ukiwa umesadiki, au umekasirika vya kutosha kutaka kunithibitishia kwamba nimekosea, fanya hivi. Ipakue kutoka inkscape.org, si kutoka tovuti nyingine yoyote inayokupa "toleo kamili". Kwenye Ubuntu au Debian andika *sudo apt install inkscape*. Kabla ya kuchora chochote, pitia mafunzo yaliyomo ndani yake kwenye menyu ya msaada. Mafunzo hayo yenyewe ni faili za SVG, kwa hiyo unajifunza ukiwa unavuruga ukurasa unaousoma.

Kisha chagua nembo moja iliyochakaa ya kikundi unachokijua, kanisa, msikiti, timu ya mtaani au chama cha wazazi, uichore upya. Ukimaliza wape faili ya SVG yenyewe, si picha yake, na uwaambie waitunze kama hati ya shamba. Mwaka kesho wakihitaji bango, watampelekea fundi yeyote wanayemtaka, hata kama si wewe.

Wanaojua lugha wana kazi pia. Maneno ya menyu za Inkscape hutafsiriwa na watu wanaojitolea, kupitia faili za maandishi za aina ya po ambazo hazihitaji ujuzi wowote wa kuandika msimbo. Mwalimu wa Kiswahili mwenye jioni mbili kwa wiki anaweza kuchangia kuliko mimi.

Na wewe ndugu wa pembeni, yule wa "GIMP!": safari ijayo mtu akiuliza, usimjibu upesi. Muulize kwanza anataka kutengeneza nini. Akisema anataka kusafisha picha ya harusi, GIMP yako hiyo hapo, nitanyamaza. Akisema nembo, bango, cheti, stika au kanga, mlete kwangu.

Hadi wakati mwingine, chora huru!